Kikombe cha Mvua ya Kwanza

Watu husifu harufu ya mvua ya kwanza. Nimewaona wakifumba macho na kuvuta pumzi, wakisema hakuna manukato ya kushinda udongo mwekundu wa Voi unaponyweshwa baada ya kiangazi. Mimi harufu hiyo hunipandisha hasira mpaka leo, na nina miaka arobaini na ushei. Kwanza huja upepo kutoka upande wa Ndara, umebeba vumbi na harufu ya ng'ombe wa ranchi. Halafu matone makubwa huanguka juu ya mabati yaliyopikwa na jua mchana kutwa, tsss, tsss, kama kitunguu kinapotiwa kwenye mafuta, na mabati hutoa mvuke wa kutu na mavi ya njiwa. Hiyo ndiyo harufu yenyewe, wasikudanganye. Wanaoisifu hawajasimama chini ya gata wakiwa na miaka kumi na miwili, kikombe mkononi, wakipiga kelele "Bado!" na mtu asiwasikilize.

Tulikuwa tukikaa kwa Bibi, mama yake baba. Baba alikuwa dereva wa lori, nyumbani alipita mara moja kwa mwezi, akala, akalala, akaondoka. Waliokuwapo kila siku ni Bibi, mama yangu, mimi, na Ami Hamadi, mdogo wake baba, ambaye alikuwa na kibanda cha viatu sokoni na maneno mengi kuliko viatu. Mfereji wa mtaa ulifunguliwa Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine hata hizo mbili zilipita ukikoroma upepo mtupu. Bomba kubwa la kupeleka maji Mombasa lilikuwa limepita kwetu, tukijua kabisa kwamba maji yanatembea chini ya miguu yetu kwenda kwa wengine, na sisi tumepanga mitungi kwenye foleni tangu alfajiri. Hilo peke yake lingetosha kumtia mtu hasira, lakini hasira yangu mimi ina jina la mtu.

Nyumbani kwa Bibi maji yalikuwa na sheria. Bibi alikuwa mfupi, sauti yake kubwa kuliko mwili, na alisema kila siku kwamba maji hayatoki nyumba hii mpaka yafanye kazi tatu. Maji yaliyooshewa mchele yaliosha mboga, kisha yakanywewa na kuku. Maji ya kusuuzia nguo leo yaliwekwa kwenye pipa, kesho yakafua nguo za kazi za Ami, povu lake likapiga deki, na kilichobaki kikanyunyizwa uani kulaza vumbi. Maji ya vyombo, yenye mafuta, aliyatia majivu, akayaacha yatulie, akayamwagia migomba iliyokuwa nyuma ya jiko. Hata maji ya udhu hayakupotea. Tulitawadhia juu ya karai, na yakishapita kwenye viwiko na vidole vya miguu yalipelekwa kwenye shina la mndimu, kwa kuwa alisema maji yaliyoshika ibada hayamwagwi pachafu. Ukimwaga hovyo, hata akiwa chumbani na tasbihi yake, aliusikia mlio. "Nani huyo? Yamefanya kazi ngapi hayo?" Na ukijitetea kwamba maji yakimwagika hayazoleki, alikujibu kwamba hayo ni maneno ya watu waliozaliwa juu ya visima, hapa Voi yanazoleka, chukua tambara uyazoe. Ukayazoa kweli, ukalikamua tambara ndani ya ndoo huku amesimama mlangoni anakutazama.

Lakini fahari yake ilikuwa tangi. Lilikuwa la saruji, limejengwa ubavuni mwa nyumba, na lilijazwa na paa letu peke yake. Gata, ule mfereji wa bati wa kukinga maji ya paa, ilizunguka upande wa nyuma, na kipande chake cha mwisho hakikupigiliwa misumari. Kililazwa juu ya panda la mti, kiasi kwamba ukikisukuma kushoto maji yanamwagika kwenye mtaro wa migomba, na ukikisukuma kulia yanaingia tangini. Mvua ya kwanza baada ya kiangazi ilikuwa haiingii tangini hata kama nyumba nzima ina kiu. Hiyo ilikuwa mvua ya kuosha paa. Miezi yote ile kunguru na njiwa wamekaa juu, popo wamepita, upepo umeleta vumbi, yote yako pale yanangoja kushuka. Na namna ya kujua paa limeoga ni kikombe. Bibi alikuwa na kikombe cha bati kilichopakwa rangi nyeupe, na ndani, kitakoni, kilichorwa ua jekundu. Ulikinga kikombe kwenye gata, ukakijaza, ukachungulia. Usipoliona ua, mwaga kwenye mtaro, kinga tena. Ukiliona ua vizuri, na petali zake unaweza kuzihesabu, ndipo unageuza gata. Kazi hiyo ilikuwa yangu tangu nina miaka tisa, kwa kuwa Bibi macho yake yalikuwa yameanza kufifia na mimi, alisema, nina macho ya mwewe. Niliipenda kazi ile, sitakataa. Nilijiona mtu.

Mwaka ninaousema nilikuwa darasa la saba. Kwa kuwa kuteka maji ni kazi ya msichana, sijui nani aliyeandika hivyo na wino gani, mimi ndiye niliyekaa foleni Jumatatu na Alhamisi. Ami Hamadi mwenye mabega kama mlango alikunywa chai akaenda sokoni. Vuli iliyotangulia ilikuwa imetupita, tangi lilikuwa kavu tangu Januari, na mimi nilikuwa nakosa siku mbili za shule kila wiki. Jirani yangu wa dawati, Wakesho, msichana wa Kitaita mwenye mwandiko mzuri, aliniazima madaftari yake ninakili, lakini Hisabati hainakiliwi. Mwisho wa muhula wa kwanza mwalimu wetu wa darasa alimwita mama, akamwambia waziwazi: mtoto huyu ana akili, lakini akikosa muhula wa pili namna hii, hatapanda darasa la nane, atarudia. Mama alirudi nyumbani akamweleza Bibi, na Bibi akatoa ahadi mbele ya watu wote, tukiwa tumekaa mkekani. "Masika yakijaza tangi, Mwanasha hasombi maji tena. Anakwenda shule Jumatatu mpaka Ijumaa." Ami Hamadi alikuwapo, akatikisa kichwa kukubali, na mdomo umejaa muhogo.

Basi nilikuwa na kitu cha kuombea. Nilishushwa ndani ya tangi kwa ngazi, na ufagio na kumbi la nazi, nikalisugua kwa majivu mpaka kucha zikaisha. Ndani ya tangi kavu sauti yako inakurudia, na nilikuwa nikisema mle ndani, Jumatatu, Jumanne, Jumatano, nikisikia siku zangu za shule zikijibiwa na saruji. Nilipanda juu ya stuli nikasafisha na gata, mpaka pale mkono ulipofika. Kwenye kona ya nyuma, juu ya jiko, mkono haukufika. Nilimwomba Ami, aliye mrefu, anisafishie kona ile tu. Akasema kesho. Nikamwomba tena, akasema kesho, kwani mvua inakuja na basi la asubuhi? Kesho yake haikufika.

Ami alikuwa na mambo yake. Alikuwa anaoa. Mchumba wake, Bi Zuhura, alitoka Taveta, katika familia ya watu wenye kujiheshimu sana, na harusi ilipangwa mwezi wa nne, wakati shule zimefungwa. Wageni watoke Taveta, watoke Mwatate, wapikiwe, wanywe, waoge, watawadhe. Na tangi kavu! Bibi alisema mvua isiponyesha tutanunua maji ya mkokoteni, na gharama itakuwa ya bwana harusi mwenyewe. Tangu siku hiyo Ami alianza kutazama mawingu kuliko hata mimi. Dalili ya mvua ni mawingu, akawa anasema kila saa, na mawingu nayo yalikuwa yakija juu ya milima ya Taita, yanajazana, yanatutazama, yanaondoka.

Ilinyesha siku kumi kabla ya harusi, baada ya sala ya alasiri. Mama alikuwa sokoni. Bibi alikuwa jikoni anachambua mchele, mlango uko wazi. Nilisikia tsss ya kwanza nikaruka, nikachukua kikombe msumarini, nikasimama chini ya gata, ambayo niliisukuma kushoto kama inavyotakiwa. Mvua ikashuka kwa vishindo. Maji yaliyotoka yalikuwa kama chai ya maziwa iliyokaa, na vinyoya ndani. Nikamwaga. Nikakinga tena, nikamwaga. Nilishalowa mpaka mifupa na nilikuwa nacheka peke yangu, maana Jumatatu yangu na Alhamisi yangu zilikuwa zinashuka kutoka mbinguni, ni kusubiri kidogo tu. Mara Ami Hamadi akatokea mbio kutoka mbele ya nyumba, amejifunika gunia kichwani.

"Maji yote haya yanamwagika, na wewe umesimama na kikombe!"

Nikamwambia ua halijaonekana. Akasema ua, ua, mvua hii ni ya kupita, ikikatika sasa hivi utanipa wewe maji ya harusi? Nikamwonyesha kikombe, tazama, Ami, hata rangi nyekundu huioni. Hakutazama. Alinisukuma kwa bega, akashika gata, akaivuta kulia. Maji yale ya kahawia yakaingia kwenye tangi nililolisugua kwa kucha zangu. Bibi, jikoni, alisikia mlio umebadilika, na nilikwisha kusema kwamba mlio wa maji haukumpita. Akapaza sauti.

"Hamadi! Ua limeonekana?"

"Limeonekana, mama!"

"Bado, Bibi!" nikapiga kelele. "Bado! Halijaonekana!"

Mvua ikazidi kupiga mabati. Nilingoja atoke. Ni hatua sita kutoka jikoni hadi kwenye gata, nilizihesabu baadaye, mara nyingi. Hakutoka. Alirudia kuchambua mchele wake. Nami nikasimama na kikombe changu, nikakikinga tena na tena, mpaka ua likaonekana lenyewe, jekundu, petali tano. Lakini tangi lilikuwa limekwisha kuyapokea yale ya mwanzo.

Mvua ilinyesha siku nne mfululizo, tangi likajaa mpaka likafurika, na nyumba ikawa na furaha kama Idi. Nilijaribu kusema. Nilimwambia mama, akaniambia nyamaza mwanangu, si umeona maji yamejaa, mengi huosha machache. Nilimwambia Bibi, akaniambia niache kumchongea ami yangu anayejiandaa kuoa. Nikaanza kujishuku mwenyewe, labda kweli mengi huosha machache. Siku ya sita maji yakaanza kunuka. Si sana, kidogo tu, kama kitambaa kilichosahauliwa kwenye ndoo. Bibi alitia vidonge vya dawa, akatia na mdalasini kwenye birika la wageni, na harusi ikaendelea.

Pilau ilipikwa ikaiva, haikuwa na neno. Kilichotuaibisha ni maji ya ukwaju. Yalitengenezwa kwa ndoo, na maji ya tangi, bila kuchemshwa, na siku ile jua lilikuwa kali, watu walikunywa. Magharibi haijaingia, wageni walishaanza kutafuta choo. Wakwe kutoka Taveta, watu wenye kujiheshimu, wamepanga foleni mbele ya choo chetu cha shimo wameshika matumbo na leso zao mpya. Shangazi yake bibi harusi alilazwa hospitali siku mbili. Bibi harusi mwenyewe alikaa siku yake ya pili ya ndoa amejikunja kitandani kwa maumivu. Asubuhi yake Ami alifungua mfuniko wa tangi, akapitisha mti, akaopoa njiwa, au kilichokuwa njiwa. Alikuwa amekufia kwenye kona ile ya nyuma ambayo mkono wangu haukufika.

Wazee wa upande wa Taveta waliomba maelezo. Walikaa ukumbini, chai mbele yao, na hakuna aliyeigusa. Mimi niliitwa nikasimama mlangoni. Nilimtazama Ami Hamadi, naye alikuwa anatazama mkeka. Nilimtazama Bibi, na Bibi akajifuta uso kwa ncha ya mtandio, akasema kwa sauti ndogo, sauti ambayo sikujua kama anayo: "Ni mtoto huyu. Ndiye mwenye kazi ya gata. Aligeuza mapema, utoto tu, msameheni." Wazee wakahema. Ikawa nafuu kwa kila mtu. Mtoto husamehewa, ndoa ikabaki, heshima ikabaki. Nilifungua mdomo, na mama yangu, aliyekuwa nyuma yangu, akaniminya bega kwa nguvu mpaka nikaufunga.

Mambo mengine mnaweza kuyabuni wenyewe. Tangi lilitolewa maji yote, na hata maji yale yaliyooza Bibi hakukubali yamwagwe bure: niliyabeba kwa ndoo kwenye migomba, kwenye mndimu, kwenye uwanja. Nikashushwa tena ndani, nikasugua tena. Masika ya mwaka ule yalikuwa yamekwisha yale yale, hayakurudi. Ahadi ilikuwa tangi likijaa, na tangi halikujaa tena, kwa hiyo muhula wa pili nilikaa foleni Jumatatu na Alhamisi, na siku nyingine pia, kwa kuwa sasa nyumba ilikuwa na mke wa Ami na wageni wake. Mwisho wa mwaka Wakesho alipanda darasa la nane, mimi nikarudia la saba. Nilikaa dawati moja na watoto niliokuwa nawafuta kamasi. Nao walikwisha kunipa jina, Mwanasha Njiwa, na wakiniona nakuja kunywa maji shuleni walikuwa wakilia kama njiwa, kuruu, kuruu. Watu huniambia, mwaka mmoja ni nini? Si ulimaliza? Si una duka? Nawauliza nao, je, ni mwaka wako? Basi nyamaza.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Ya Ami Hamadi imekwenda miaka thelathini na haijachoka. Amekuwa mzee wa kuheshimiwa, na kila harusi ya ukoo lazima asimulie ya kwake, jinsi wakwe walivyokimbizana chooni, na jinsi "huyu Mwanasha wetu" alivyogeuza gata. Anaigiza na sauti yangu. Watu hucheka mpaka machozi, nami hukaa pale na sahani ya biriani mapajani. Haraka haraka haina baraka, huwa anamalizia, akinielekeza kidole, tena mbele ya watoto wangu. Ee Mola! Mtu anakuibia halafu anakuhubiria wizi.

Bibi alifariki hajasema neno. Wiki zake za mwisho aliniita, akatoa kile kikombe chini ya mto, akanikabidhi, akanishika mkono kwa muda mrefu huku midomo inatikisika. Mama anaamini kwamba ile ilikuwa ni kuomba radhi. Labda. Nilimpenda bibi yangu, nilimwosha kwa mikono yangu alipokuwa hajiwezi, na yale maji nayo, kwa ajili yake, niliyapeleka kwenye mndimu. Lakini alinisingizia kwa mdomo, mbele ya watu, na radhi yake akaileta kwa mkono, tuko wawili, mlango umefungwa. Kikombe hakina ulimi. Nilitaka aseme kwa sauti ile ile kubwa iliyokuwa ikiuliza maji yamefanya kazi ngapi. Nimemsomea dua nyingi, na hasira ningali nayo, na sioni kwa nini vitu hivyo viwili visikae katika kifua kimoja.

Siku hizi nina duka la vifaa vya ujenzi Mwatate. Nauza matangi ya plastiki, meusi, makubwa kuliko chumba nilicholala utotoni, nauza gata za kila aina, na kuna hata bomba la kisasa linalojaa maji machafu ya mwanzo halafu likajifunga lenyewe, maji safi yakaendelea. Mara kwa mara huja vijana wenye fulana zilizoandikwa majina ya mashirika, wanakodi ukumbi, wanatufundisha wanawake wa Taita kwamba maji ya jikoni yanaweza kutumiwa tena bustanini. Tunatazamana. Mwanamke mmoja aliyetoka Kishushe aliwahi kumwuliza kijana mmojawapo, mwanangu, ulidhani tumekuwa tukiyapeleka wapi? Mifereji ya Voi ingali inakoroma. Foleni zingali zipo, na kwenye foleni ukitazama ni wasichana wale wale, sare za shule chini ya leso. Hilo hunitafuna zaidi ya kicheko cha harusini. Nyumbani kwangu Voi nina matangi mawili, na bomba lile la kujifunga sikuliweka. Kipande cha mwisho cha gata yangu kinalala juu ya panda, mtaro wa migomba ukiwa chini yake, na kikombe kinaning'inia msumarini, rangi imebanduka ukingoni lakini ua liko palepale.

Mwezi uliopita, Jumamosi, Ami Hamadi na Bi Zuhura walikuja kunitembelea. Ami sasa anatembea na bakora, na macho yake yote mawili yana mtoto wa jicho, chai inabidi uiweke mkononi mwake. Tulikuwa tumekaa kibarazani nyuma ya nyumba, wao wawili na mimi, wakati upepo wa Ndara ulipoanza. Halafu tsss. Binti yangu Salma, ana miaka kumi na miwili, aliacha daftari lake mezani, akachukua kikombe, akasimama chini ya gata. Mimi niliingia jikoni kufunga dirisha. Nikiwa kule ndani nilisikia bakora ya Ami inagonga sakafu, na sauti yake.

"Geuza, wewe mtoto! Maji yanapotea!"

Sijui nini kilinifanya niulize vile. Ulimi ulitangulia. Nilipaza sauti kutoka jikoni: "Ua limeonekana?"

"Limeonekana!" akajibu Ami, mtu ambaye haoni chai yake.

"Bado, mama," akasema Salma.

Kutoka jikoni kwangu hadi kibarazani ni hatua nne. Nilizitembea zote. Nilisimama mlangoni, na sauti iliyonitoka ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia. "Mtoto amesema bado, Ami. Hata siku ile mtoto alisema bado. Ulimsikia, na Bibi alimsikia, na ukageuza gata kwa mkono wako." Ami akafungua mdomo kucheka, kile kicheko chake cha harusini, kikamkatikia njiani. Bi Zuhura aliweka kikombe chake cha chai chini polepole. Miaka thelathini amenisamehe mwanamke huyu, kila Idi ananipa mkono kama mtu anayesamehe. Akamgeukia mumewe.

"Hamadi. Nani aligeuza?"

Ami alielekeza uso wake kwenye mvua asiyoiona. Bi Zuhura akamngoja, nami nikamngoja, na maji ya kahawia yakaendelea kwenda kwenye migomba. Akauliza mara ya pili, kwa sauti ya chini zaidi, na mzee akazungusha bakora mkononi, akazungusha tena.

"Ni mimi," akasema.

Salma alimwaga kikombe mtaroni, akakinga kingine, akachungulia kwa makini, uso wake karibu uingie ndani.

"Sasa limeonekana," akasema.

Nikamwambia ageuze, kisha arudi kwenye daftari lake.